Wahispano wa New Mexico: wao ndio waliohamia, au mpaka ndio uliowahamia?

Mwalimu wa Uyole

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Ninafundisha Historia kidato cha tano katika shule mojawapo ya jijini Mbeya. Muhula uliopita tulikaa na mwalimu wa kujitolea aliyetoka kijiji kimoja cha kaskazini mwa New Mexico, Marekani, mama wa makamo mwenye jina la ukoo la Kihispania, ambaye baridi ya Juni ya hapa kwetu haikumsumbua hata kidogo kwa kuwa kwao theluji hulala milimani miezi kadhaa. Siku moja, tukiwa katika chumba cha walimu, nilimuuliza kwa nia njema kabisa wazazi wake walihamia Marekani mwaka gani. Alitua kikombe cha chai, akacheka kidogo, akasema: "Sisi hatukuvuka mpaka, Mwalimu, mpaka ndio uliotuvuka." Kengele ikalia, akaenda darasani, nami nikabaki nimeshika chaki bila kujua nilichomuuliza.

Huku Nyanda za Juu Kusini habari za mpaka si ngeni. Wanamwanga wapo Tunduma na wapo Nakonde. Wanyakyusa na Wangonde wanatenganishwa na mto Songwe, na mto huo ukawa mpaka kwa sababu Wajerumani na Waingereza walikubaliana hivyo mwaka 1890 bila kumuuliza mtu wa ng'ambo yoyote. Hata hivyo, kwetu mpaka ulipita katikati ya watu, ilhali yeye alikuwa anazungumzia mpaka ulioiruka jamii nzima na kuiacha upande mwingine. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze watu hawa ni akina nani, walifikaje pale, na nini kinawasumbua hadi leo. Ningependa kulirudia somo hili darasani nikiwa na maelezo ya kueleweka.

Mzee wa Gangilonga

Marahaba, Mwalimu. Usijilaumu sana. Nilisoma Albuquerque miaka miwili, na swali hilohilo nilimuuliza mwenye nyumba wangu, ambaye yeye hakucheka.

Wenyewe hujiita Hispanos au Nuevomexicanos. Mwaka 1598 Juan de Oñate aliongoza msafara wa walowezi kutoka Meksiko, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Hispania, wakapanda kufuata mto Rio Grande wakiwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe na makundi ya kondoo, wakaweka makao karibu na mji wa Wapueblo, watu wa asili wa huko, uitwao Ohkay Owingeh. Santa Fe ikawa makao makuu mwaka 1610, yaani miaka 10 kabla ya meli ya Mayflower kutia nanga Marekani. Ukitaka wanafunzi wako wapate picha ya wakati wenyewe, waambie kwamba ngome ya Fort Jesus kule Mombasa ilikuwa haijatimiza miaka 20.

Mwaka 1680 Wapueblo, waliokuwa wamechoshwa na kodi, kazi za lazima na mapadri waliochoma vitu vyao vya ibada, waliinuka wakiongozwa na Popé. Wakimbiaji walipeleka katika kila mji kamba yenye mafundo, na kila siku fundo moja lilifunguliwa ili wote wajue siku ya kuanza. Walowezi waliosalimika walikimbilia El Paso, na hawakurudi hadi Diego de Vargas alipoingia tena Santa Fe mwaka 1692. Waliorudi walijifunza kwamba bila majirani hawataishi. Katika karne iliyofuata walioana na Wapueblo, wakafanya nao biashara, na mara nyingi wakapigana bega kwa bega nao dhidi ya mashambulizi ya Wakomanche na Waapache.

Jambo la kushika hapa ni ardhi. Mfalme wa Hispania, na baada ya uhuru wa mwaka 1821 serikali ya Meksiko, waligawa maeneo yaliyoitwa merced kwa vikundi vya familia. Kila familia ilipata kipande chembamba cha shamba kilichoanzia mtoni kikapanda hadi ukingo wa kilima, ili kila mmoja awe na maji, udongo mzuri na mahali pa kujenga. Sehemu kubwa iliyobaki, yaani malisho, misitu ya kuni na miti ya kujengea, haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya wote. Mtu aliweza kuuza shamba lake, lakini malisho ya wote hakuna aliyeweza kuyauza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa nayo peke yake.

Jeshi la Marekani likiongozwa na Stephen Watts Kearny liliingia Santa Fe mwezi Agosti 1846. Tarehe 2 Februari 1848 mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliomaliza vita vya Marekani na Meksiko na kuiachia Marekani nchi ile, ukatiwa saini, Marekani ikalipa dola milioni 15, na wakazi wakapewa mwaka mmoja wa kuchagua: wahamie Meksiko, wabaki na uraia wa Meksiko, au wanyamaze wawe raia wa Marekani. Wengi walinyamaza. Huo ndio mpaka uliowavuka. Rasimu ya mkataba ilikuwa na ibara ya 10 iliyolinda waziwazi ardhi zilizogawiwa na serikali zilizotangulia, na Baraza la Seneti la Marekani likaifuta kabla ya kuidhinisha.

Yaliyofuata yalichukua miaka 50. Mwenye ardhi alitakiwa kuithibitisha mbele ya maofisa wasiojua Kihispania, kwa hati ambazo nyingine zilikuwa zimeliwa na panya, na wakili alilipwa kwa kumegewa sehemu ya ardhi yenyewe, kwa sababu wanakijiji hawakuwa na fedha taslimu. Thomas Catron, mwanasheria na mwanasiasa wa Santa Fe, alijilimbikizia ardhi nyingi kwa njia za namna hiyo. Mwaka 1897 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika shauri la Sandoval kwamba ardhi ya wote haikuwa mali ya wanakijiji bali ya mfalme, kwa hiyo sasa ni ya serikali ya Marekani. Wanakijiji wa San Miguel del Vado walikuwa wanadai zaidi ya ekari 300,000. Walithibitishiwa kama 5,000, yaani mashamba ya kando ya mto tu. Sehemu kubwa ya ardhi za namna hiyo leo imo ndani ya misitu ya taifa ya Carson na Santa Fe, na mjukuu wa mwenye malisho anaomba kibali ili ng'ombe wake wale nyasi ambazo babu yake hakumwomba mtu.

Banio la Igurusi

Mzee, shikamoo. Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Mbarali, na nimesoma maelezo yako mara mbili. Nina swali moja tu: hivyo vipande vyembamba vinavyoanzia mtoni vilipataje maji?

Ninauliza kwa sababu ninajua gharama yake. Mfereji wetu unatoka kwenye banio ambalo zamani lilikuwa la magogo, mawe na viroba vya mchanga, na kila masika mto ulilichukua. Kabla ya msimu tunatoka wote na mabeleshi na mafyekeo kuzibua mfereji mkuu, na asiyetoka hupigwa faini. Maji yakipungua mgawa maji huandika zamu, na hapo ndipo unapojua tabia za watu: mchana kila mtu ni Mkristo au Mwislamu mwema, usiku mtu wa juu anaziba kwa magunia akijisingizia kwamba jaruba lake lilikuwa limekauka kuliko yako. Mwaka fulani nililala kwenye tuta siku mbili nikilinda maji ya robo ekari. Je, hao wenzetu wana utaratibu gani?

Mnyalukolo

Kamwene, Mzee wangu. Ninaheshimu elimu yako, lakini ninaomba tusimwonee huruma mtu mmoja kwa kumsahau mwingine. Unasema mpaka uliwavuka. Na wao je, walipofika mwaka 1598, walivuka mipaka ya nani?

Mapema mwaka 1599 huyo Oñate aliushambulia mji wa Acoma, baada ya watu wa Acoma kumuua mpwa wake na askari wake kadhaa. Mamia waliuawa, na hukumu iliyoandikwa iliamuru wanaume wenye umri wa zaidi ya miaka 25 wakatwe mguu mmoja na kutumikishwa miaka 20. Karibu miaka 400 baadaye watu wasiojulikana walikata mguu wa kulia wa sanamu yake pale Alcalde, kaskazini mwa Santa Fe, na mwezi Juni 2020 sanamu nzima iliondolewa. Sisi Wahehe tulilingoja fuvu la Mtwa Mkwawa hadi 1954. Tunaelewa kwa nini mtu hasahau mguu. Kwa hiyo Mwalimu akisimama darasani aseme kwamba Wahispano ni wenyeji walionyang'anywa ardhi, mwanafunzi mwerevu atauliza ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla yao, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Mzee wa Gangilonga

Ninaanza na Mnyalukolo, kwa sababu hoja yake ni nzito na sikupaswa kuiruka. Ni kweli walikuja wakiwa watawala. Ninachoongeza ni kwamba baada ya vizazi kadhaa mstari kati ya mtawala na mtawaliwa haukuwa rahisi kuuchora. Kulikuwa na watu walioitwa Genízaros: watu wa makabila ya asili waliotekwa au kukombolewa wakiwa watoto, wakalelewa kama watumishi katika nyumba za Wahispania, wakabatizwa, wakapewa majina ya Kihispania, na baadaye wakapewa ardhi katika vijiji vya mpakani kama Abiquiú ili wawe ngao ya Santa Fe. Wajukuu wao ni Wahispano kwa lugha na dini, na ni wenyeji kwa damu. Mwaka 2007 bunge la New Mexico liliwatambua rasmi kuwa ni watu wa asili. Wakati huohuo, katika miaka ambayo New Mexico ilikuwa inaomba kuwa jimbo kamili, na ilisubiri tangu 1850 hadi 1912, kwa sehemu kwa sababu wanasiasa wa Washington walidharau watu wake kwa rangi, lugha na dini, wengi walianza kusisitiza kwamba wao ni Wahispania halisi, wala si Wameksiko wala Waindio. Ninawaelewa, lakini sikubaliani nao. Mama aliyekuwa shuleni kwa Mwalimu anaweza kuwa mjukuu wa aliyekata mguu na wa aliyekatwa.

Sasa Banio. Marahaba, mwanangu, na swali lako limegusa moyo wa jambo lenyewe. Mfereji wao unaitwa acequia, neno ambalo Wahispania walilichukua kutoka Kiarabu, kwa kuwa Waarabu ndio waliowafundisha ufundi huo kule Hispania. Na walipofika Rio Grande waliwakuta Wapueblo nao tayari wanamwagilia. Banio wanaliita presa, na mfereji mkuu wanauita acequia madre, yaani mfereji mama. Theluji ya milimani ikiyeyuka, maji yanashuka. Kila mwenye shamba ni parciante, mwenye sehemu yake ya maji na sehemu yake ya kazi. Wanachagua makamishna watatu na mayordomo, ambaye ndiye mgawa maji wenu. Kabla ya maji kufunguliwa hufanyika usafishaji ambao hakuna anayeukwepa: mayordomo anatembea juu ya tuta, anapima kwa hatua au kwa mpini wa beleshi, anachora alama, na kila mfanyakazi anapewa kipande chake kinachoitwa tarea. Nilikwenda siku moja nikiwa mwanafunzi. Tope lilikuwa la barafu, mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa na umri wa baba yangu, akamaliza kipande chake akaja kunisaidia changu bila kusema neno.

Na mwizi wa maji yupo kule kama alivyopo Igurusi. Mayordomo wengi hulala na simu masikioni. Lakini ukame ukija, sheria ya jimbo inasema aliyetangulia kutumia maji ana haki ya kwanza, na anayefuata anaweza kukosa kabisa, ilhali desturi ya acequia inasema maji kidogo hugawanywa kidogo kidogo, bustani ya chakula na mifugo vikitangulia. Taratibu za mifereji hiyo ziliandikwa katika sheria za mwaka 1851 na 1852, na leo iko kama 700 katika New Mexico. Hatari kubwa ya sasa ni kwamba haki ya maji inaweza kuuzwa ikatenganishwa na shamba, ikapelekwa mjini au kwenye hoteli ya kitalii, na kila sehemu inayoondoka inawaachia waliobaki mfereji uleule wa kusafisha kwa mikono michache. Tangu mwaka 2003 acequia zimepewa uwezo wa kisheria wa kukataa uhamisho wa namna hiyo, iwapo kanuni zao zimeandikwa kabla. Nilipojiuliza kwa nini watu hawa hawakutawanyika baada ya kupoteza malisho, sikupata jibu lingine zaidi ya mfereji. Lugha ilidhoofika na ardhi ikaenda, lakini maji ya Aprili bado yaliwalazimisha kukutana.

Ndaga Fijo

Ninatoka Tukuyu na nimesomea isimu, kwa hiyo mnisamehe nikikaa kwenye lugha, maana Mzee amesema imedhoofika na kupita.

Kihispania cha kaskazini mwa New Mexico kilikaa mbali na kwao kwa muda mrefu. Katika karne ya 17 msafara wa mahitaji kutoka Mji wa Meksiko ulipangwa kuja mara moja kila baada ya miaka mitatu, safari ya zaidi ya kilomita 2,500, na mara nyingine ulichelewa kuliko hapo. Ndiyo maana wazee wa huko husema asina mahali ambapo Mhispania wa leo anasema así, na truje mahali pa traje, maumbo ambayo yalikuwa ya kawaida siku za Oñate na ambayo Madrid leo huyahesabu kuwa ya kishamba. Walipokutana na wanyama na hali mpya walijiundia maneno yao: popo wanamwita ratón volador, panya arukaye, na bata mzinga ni kuku wa nchi. Kilima chenye kichwa bapa wanakiita mesa, na hilo hamhitaji kufasiriwa, kwa kuwa Mreno alituachia neno hilohilo tukalitengenezea miguu minne tukalilia chakula.

Katiba ya jimbo ya mwaka 1912 iliwalinda wasemaji wa Kihispania katika kupiga kura na katika elimu, hata ikaagiza walimu wafundishwe lugha hiyo. Hata hivyo katika shule nyingi za karne ya 20 mtoto aliyesema Kihispania uwanjani aliadhibiwa. Nilisoma shule moja hapa nyumbani ambapo aliyesema Kinyakyusa alivishwa kibao cha mbao shingoni hadi amkamate mwingine, kwa hiyo ninajua inavyofanya kazi: mtoto haachi lugha siku ile, bali anapokuwa mzazi hamsemeshi mwanawe. Kijana wa Española leo anamwelewa bibi yake vizuri, kisha anamjibu kwa Kiingereza. Mpwa wangu wa Mwanjelwa nikimwambia "ugonile" ananijibu "salama, shangazi".

Kuna jambo moja la dini ambalo wakatoliki wa Iringa na Njombe watalielewa haraka. Vijiji vile vilikuwa na mapadri wachache mno, kama vigango vya kwetu vinavyoonana na padri mara chache kwa mwaka, na hivyo waumini wenyewe waliunda undugu wa Bwana Yesu Mnazareti, unaojulikana zaidi kwa jina la Penitentes. Katika nyumba ndogo za udongo ziitwazo morada walisali, waliimba nyimbo za mateso wakati wa Kwaresima, waliwatunza wajane na kuwazika maskini. Askofu Mfaransa Jean-Baptiste Lamy, aliyefika mwaka 1851, hakupendezwa na ukristo huo usiomngoja padri, na aligombana vibaya na Padri Antonio José Martínez wa Taos, mwenyeji aliyekuwa akimiliki mtambo wa kuchapisha vitabu vya kufundishia watoto. Lamy alimtenga na Kanisa. Undugu haukufa, na kila Ijumaa Kuu maelfu bado hutembea kwa miguu kwenda kwenye kanisa dogo la Chimayó kuchota udongo mtakatifu katika shimo lililo chumba cha pembeni.

Mwalimu wa Uyole

Ninawashukuru nyote, na Mnyalukolo zaidi, kwa sababu swali lake ndilo nitakaloanza nalo darasani badala ya kumaliza nalo.

Nimewasiliana na yule mama. Ameniambia kwamba familia yake ni ya bonde la Mora, na kwamba kinachowasumbua sasa si mwaka 1848 bali 2022. Mwezi Aprili mwaka huo moto uliowashwa kwa makusudi na Idara ya Misitu ya Marekani, ili kupunguza majani makavu, uliwashinda, ukaungana na mwingine uliokuwa umejificha chini ya marundo ya matawi tangu majira ya baridi, ukateketeza zaidi ya ekari 341,000, moto mkubwa kuliko wote katika historia ya New Mexico. Kisha mvua zikaja, majivu na mawe yakashuka katika vilima visivyo na miti, yakafukia acequia moja baada ya nyingine. Serikali ilikiri kosa na Bunge likatenga fidia ya mabilioni ya dola, lakini mdai alitakiwa kuonyesha kwamba nyumba na msitu ni vyake, na nyumba nyingi zilikuwa zimerithishwa kutoka kwa babu hadi mjukuu kwa neno la mdomo tu. Mjomba wake alipeleka picha ya harusi ya mwaka 1951 ili paa la ghala lionekane nyuma ya bibi harusi.

Banio la Igurusi

Mwalimu, hiyo picha ya harusi imeniingia. Kijijini kwetu tumekuwa tukizungushana kuhusu hati za haki miliki za kimila tangu sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, na mimi mwenyewe nilikuwa upande wa wanaosema karatasi ya nini, kila mtu anajua jaruba la nani ni lipi. Mashamba yetu yakishapimwa, sijui kama malisho na kile kimsitu cha banioni vitaandikwa kwa jina la nani. Mkutano mkuu wa kijiji ni mwezi ujao, na nitaliuliza hilo kabla ya ajenda ya mbolea, maana baada ya mbolea watu huondoka. Mzee, kama unakumbuka vizuri kanuni ambazo acequia inapaswa kuwa imeziandika ili iweze kukataa maji yake kuuzwa, ziweke hapa kwa Kiswahili chepesi. Nitazisoma kesho asubuhi, kwa kuwa zamu yangu ya maji inaanza saa nne usiku na jirani yangu wa juu hajawahi kuwa na saa.